Mbio Zote Huishia Kwenye Breki

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Nilipewa kitambaa cha kujifutia jasho, nikapelekwa mbele ya ndege iliyokuwa imetua punde, nikaambiwa nichutame mbele ya gurudumu lake na nisiliguse. Nilikuwa kijana wa Amu, mji ambao watu wa bara huuita Lamu, niliyemaliza kidato cha nne, mgeni Nairobi, na baridi ya asubuhi ile ilikuwa imenikaza vidole. Nyuma yangu alisimama Mkuu wa Karakana, mzee wa bara mwenye tumbo na sauti ya kukwaruza, ambaye kila fundi alimwogopa na kila rubani alimkwepa.

"Wewe kijana wa Lamu," alisema. "Ndege hii ilikuwa na mbio ilipogusa ardhi. Sasa imesimama. Mbio zimekwenda wapi?"

"Zimekwisha, mzee."

"Hazikwishi. Geuza kiganja, sogeza mgongo wa mkono pale kwenye diski. Usiguse, nimesema sogeza tu."

Nikasogeza. Joto lilinirudisha nyuma kama mtu aliyefunua sufuria ya wali unaochemka.

"Ndipo zilipo," alisema. "Mbio zote za ndege huishia hapo. Kazi yako kuanzia leo ni kuzipokea."

Nikawa fundi wa magurudumu na breki. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikuwahi kutamani nyingine. Wapo watakaowaambia kwamba mimi sikustaafu, kwamba mtu wa arobaini na kitu hastaafu, bali hufukuzwa. Wana midomo yao. Mimi nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia karakana sasa, mnaofundishwa kwa skrini, ili mjue kazi hii ilikuwaje mikononi, na mjue pia kwamba iko siku mtatakiwa kusema hapana mbele ya watu mnaowapenda.

Nianze na lile alilonifundisha Mkuu wa Karakana wiki ile ya kwanza, kwa maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Kitu chochote kinachokwenda kina nguvu kwa sababu tu kinakwenda. Vitabuni huitwa nishati mwendo. Nilikuwa nimeisoma kanuni yake shuleni, nikaijibu kwenye mtihani, nikaisahau njiani nikirudi nyumbani. Mzee aliirudisha kwa chaki kwenye sakafu ya saruji. Chukua uzito wa ndege, zidisha kwa mwendo wake, kisha zidisha tena kwa mwendo uleule, halafu gawa kwa mbili.

"Umeona?" aliniuliza. "Uzito umeingia mara moja. Mwendo umeingia mara mbili. Rubani akikuletea mizigo maradufu, amekuongezea kazi maradufu. Akikuletea mwendo maradufu, kazi ni mara nne. Kwa hiyo mtu akija kulalamika kwamba ndege yake nzito, mvumilie. Akikwambia alitua na mwendo kidogo wa ziada, mfungulie macho. Hakuna mwendo kidogo wa ziada. Ukizidisha sehemu moja katika kumi, breki inapata zaidi ya sehemu mbili katika kumi."

"Na inazipeleka wapi, mzee?"

"Inazigeuza joto. Pedi zinabana diski, diski inawaka, joto linaingia kwenye rimu, rimu imeshika tairi lililojaa upepo. Ukifanya mzaha na joto hilo, tairi halipasuki kama la baiskeli. Linapasuka kama bomu. Kwa hiyo gurudumu la moto hulisogelei kwa ubavuni. Unaliendea kwa mbele au kwa nyuma. Ukisahau hilo, nitamwandikia mamako pole."

Nilikaa chini ya mzee huyo miaka mingi. Nilijifunza kufungua rimu, ambayo ni vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti. Nilijifunza kulisoma tairi, maana tairi lililoburuzwa huwa na kipara mahali pamoja. Nilijifunza kupaka dawa nyekundu inayopenya kwenye ufa usioonekana kwa jicho, ukaifuta, ukapaka unga mweupe, na ufa ukajitokeza kama mstari wa damu. Zaidi ya yote nilijifunza kunusa. Breki iliyofanya kazi ya haki ina harufu yake, na iliyodhulumiwa ina yake. Mpaka leo nikipita Kililana, malori ya mizigo ya bandarini yakifunga breki kusimama, mimi huvuta pumzi mahali pale huku wenzangu wakiziba pua.

Kisha miguu yangu ikaanza kuwasha kwa hamu ya kuhama, kama ilivyo desturi yake. Nikaomba uhamisho, nikapelekwa kaskazini, kwenye kiwanja cha changarawe katikati ya jangwa. Msimamizi wa Kituo kule alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyenyoa ndevu kila alfajiri hata maji yalipokuwa ya shida. Niliona ajabu moja: ndege zilezile, marubani walewale, lakini breki za ndege zilizotua mchana wa jua zilikwisha upesi kuliko za zile zilizotua alfajiri. Nikamwuliza kama marubani walikuwa wanakimbiza.

"Hawakimbizi," alisema. "Saa yao ya mwendo inasema vilevile kila siku. Ila hewa ya joto ni nyepesi. Ndege inabidi ipite mbio zaidi ndani yake ili ishikwe. Saa ya rubani inapima hewa, Bwana Famau. Breki inapima ardhi."

Maneno hayo ya mwisho niliyaandika kwa kalamu ya wino juu ya kisanduku changu cha zana. Wino ulifutika, maneno hayakufutika.

Nilihama tena, na tena. Niseme ukweli kwamba nilikuwa mtu wa kutafuta sababu ya kuondoka. Kila kituo nilikipenda zaidi nilipokuwa nimekwishakiacha. Hatimaye kampuni ndogo ya ndege za abiria ikataka fundi wa kukaa kwenye kiwanja cha kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya mji wetu, nami nikarudi nyumbani. Nikamwoa Mwanaisha, binti wa Bi Zena, mshonaji wa kofia za mkono ambaye kazi yake ilijulikana mtaa mzima wa Langoni. Kofia ya Bi Zena ukiishika juani huoni mahali uzi ulipoanzia. Ijumaa zote nilikula kwake.

Manda ilikuwa na mtihani wake, nao ni upepo. Ndege zetu nyingi zilitoka Malindi, yaani kusini. Wakati wa kusi upepo nao hutoka huko. Rubani anayefuata pwani anakiona kiwanja mbele yake, kimenyooka, kinamwita. Akitua moja kwa moja, upepo uko mgongoni. Ili atue sawasawa inambidi akipite kiwanja, azunguke, aje kutoka upande wa pili, upepo umpige usoni. Mzunguko huo ni dakika chache tu, lakini rubani aliyechelewa huziona ni mwezi wa Ramadhani.

Sasa fanyeni hesabu nami. Ndege inatua saa yake ikionyesha noti themanini. Noti ni kipimo kilekile cha mwendo wanachotumia mabaharia. Upepo wa noti kumi na tano ukiwa usoni, ardhi inapita chini ya magurudumu kwa sitini na tano. Upepo huohuo ukiwa mgongoni, ardhi inapita kwa tisini na tano. Rubani ameona themanini safari zote mbili, wala hakudanganya. Lakini sitini na tano mara sitini na tano, na tisini na tano mara tisini na tano, ni vitu viwili tofauti kabisa. Cha pili ni zaidi ya maradufu ya cha kwanza. Maradufu hiyo haendi nayo rubani hotelini. Inabaki kwangu.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa ya kusi kali. Soksi ya upepo, lile tambara refu la rangi ya machungwa juu ya mlingoti, ilikuwa imenyooka kana kwamba imepigwa pasi. Bi Zena alikuwa ameamka siku hiyo na pazia jeusi linashuka ndani ya jicho lake la kushoto. Mganga wa macho pale Amu alimulika, akasema utando wa nyuma ya jicho unabanduka, na kwamba afike Nairobi kwa daktari bingwa siku hiyohiyo, kila saa ina thamani yake. Tukamkatia nafasi kwenye ndege yetu ya alasiri. Shemeji yangu Twalibu, kaka yake Mwanaisha, mwenye boti pale jeti ya Amu, akamvusha mamake kwa boti yake mwenyewe mpaka Manda, akamkalisha kwenye banda la abiria juu ya mkoba wake.

Nilikuwa nje nilipoiona ndege. Ilikuwa inakuja moja kwa moja.

"Mbona hazunguki?" nilimwuliza Meneja wa Kituo, kijana nadhifu wa Mombasa aliyekuwa na simu mbili.

"Amechelewa. Si unajua tuna mgonjwa? Ananisaidia."

Ndege ilifika juu ya mwanzo wa kiwanja ikakataa kushuka. Ilielea, ikaelea, ikala kiwanja nusu nzima kabla ya kugusa, na ilipogusa nilisikia matairi yakilia. Ndege zetu zile zilikuwa ndogo, za injini mbili za petroli, propela zake hazikuweza kugeuzwa zisukume nyuma. Kilichobaki ni breki peke yake. Rubani alizikanyaga mpaka mwisho wa lami, akasimama penye majani, akageuka, akarudi kwetu polepole. Harufu ilimtangulia.

Nikamwashiria asimame mbali na banda. Nikaweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu, nikamwashiria afungue breki ya kuegesha ili pedi zisigande kwenye diski. Gurudumu la kulia lilikuwa linatoa moshi wa buluu, na nilipochungulia kwa mbele niliona diski ina wekundu wa kaa. Si jambo la ajabu. Dawa yake ni hewa na subira. Upepo wa kusi wenyewe ungeipoza baada ya muda, ningekagua pedi, ningepima, na Bi Zena angeruka kabla ya magharibi. Nilikwenda upande wa mlango kuwashusha abiria wasipite ubavuni mwa gurudumu.

Hapo ndipo nilipofanyiwa lile ambalo haliwezi kufanyika Nairobi wala jangwani, kwa sababu kule hakuna watu wetu. Nyinyi mliozaliwa visiwani mnajua mwenye boti hufanya nini mashini yake ikishika joto katikati ya mkondo. Huchota maji ya chumvi kwa kopo lake la kutolea maji botini, akaimwagia. Mashini inapiga mvuke, inakohoa, safari inaendelea. Hakuna mtoto wa Amu ambaye hakuliona hilo kabla ya kujua kusoma. Twalibu aliuona moshi chini ya ndege itakayomchukua mamake, akakimbia jetini, akarudi na kopo lake lililokatwa kwenye galoni, limejaa pomoni.

"Twalibu, hapana!" nilipiga kelele.

Nilisikia tu tssss, kama nyoka elfu. Mvuke mweupe ulilifunika bawa. Ulipotawanyika, moshi ulikuwa umekwisha, na wabeba mizigo wa jeti walikuwa wanampigia makofi.

"Mwanamume huyo!"

"Twalibu, kesho uwe rubani!"

"Fundi yuasimama kuangalia, mwenye boti ndiye azimaye moto!"

Twalibu akacheka, akalitikisa kopo likauke. Hata Meneja alicheka. Mimi nililizunguka lile gurudumu kwa mbele, nikachutama, nikalitazama kwa muda. Lilikuwa limetulia, linang'aa, safi kuliko lilivyotoka Malindi.

"Ndege hii haiendi," nilisema.

Meneja alidhani nafanya mzaha. "Moshi si umeisha?"

"Umeisha. Kuisha huko ndiko kunakonitisha."

Nikamweleza, naye Kapteni, yule rubani, akashuka, akasimama kusikiliza. Chuma kilichowaka kikimwagiwa maji baridi kwa ghafla, upande wa nje unasinyaa ilhali wa ndani bado umevimba. Kinaweza kupata ufa mwembamba kuliko unywele. Ufa huo ukiwa kwenye diski ni balaa. Ukiwa kwenye rimu iliyoshika upepo wa tairi ni balaa kubwa zaidi. Lazima gurudumu lifunguliwe na kupakwa dawa nyekundu, na dawa na gurudumu la akiba vyote viko Nairobi.

"Nitaruka tu," Kapteni alisema. "Nikifika Nairobi kiwanja ni kirefu. Sitagusa breki."

"Na ukighairi hapahapa, katikati ya kukimbia? Injini ikikohoa?"

Nyinyi mnaosoma, shikeni jambo hili: kutua si ndiko kunakoitesa breki zaidi. Kunakoitesa zaidi ni kukimbia kwa ajili ya kuruka, ndege imejaa watu na mafuta, halafu rubani akaamua kusimama. Uzito wote upo, mwendo wote upo, na kiwanja kimebaki kidogo. Siku hiyo ndipo gurudumu linapoulizwa maswali yote kwa mpigo.

Kapteni akavua miwani ya jua. "Gurudumu ni lako, fundi," alisema. "Mbio nilizileta mimi. Sitabishana nawe." Akaenda kusimama peke yake chini ya bawa la kushoto. Sikumdharau tangu hapo.

Meneja hakuwa mwepesi hivyo. Alinivuta kando. "Kuna abiria tisa hapa. Kuna mgonjwa. Na mgonjwa ni mkweo!"

"Namjua ni nani. Nakula kwake kila Ijumaa."

"Basi tia sahihi ndege iruke!"

"Siiachii."

"Ni amri, Famau."

"Basi iandike kwa jina lako, kisha ukae kiti cha mbele."

Hakuiandika. Na Twalibu alikuwa amekwishasikia kwamba ndege haiendi, si kwa nini haiendi. Alikuja na kopo bado mkononi, macho mekundu.

"Mai yamezima moto watu wote waona, nawe wasema hapana? Mamangu yuwapofuka, Famau! Yuwapofuka ukimtazama! Kwa ajili ya tairi?"

Nilikuwa na jibu, nalo lilikuwa fupi. Ningeweza kumwambia: isingekuwa kopo lako, mama angeruka. Watu walikuwa wamezunguka, wote wangelisikia, na tangu saa ile hakuna ambaye angenigusa. Nilifumba mdomo. Jicho lile bado lilikuwa halijapotea, lakini likipotea, sikutaka Twalibu aende nalo nyumbani kila siku ya maisha yake, akilala nalo na kuamka nalo. Alikuwa amekimbia kwa sababu alimpenda mamake. Mimi nina mabega mapana, na nina desturi ya kuhama. Yeye hana pa kwenda.

"Breki si salama," nilisema. "Sina zaidi."

Bi Zena alikuwa amekaa palepale juu ya mkoba wake, buibui limempeperuka kwa upepo, kiganja kimefunika jicho la kushoto. Aliniita.

"Famau, mwanangu. Wewe una mato mawili mazima. Waonani pale?"

"Sioni kitu, Mama. Na ndiyo sababu nakataa."

Kisha akanyoosha mkono ainuliwe. "Haya. Nirudisheni kwangu."

Ndege ya kampuni nyingine, ya kwanza kupatikana, ilimchukua kesho yake asubuhi, mimi nikiwa nimekaa naye. Daktari bingwa alimpasua siku hiyohiyo. Jicho halikurudi. Nilimwuliza daktari, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, kama ile siku moja ndiyo iliyolimaliza. Alisema huenda, na huenda lilikuwa limekwisha tangu asubuhi ile ya kwanza, wala hakuna mtu duniani wa kuniambia. Bi Zena alirudi Amu, akajaribu kushona, sindano ikawa inapita kando ya tundu. Kofia iliyokuwa nusu aliikunja, akaiweka kabatini.

Gurudumu nalo lilipelekwa Nairobi. Mkuu wa Karakana wangu wa zamani alikuwa bado yupo, mwaka wake wa mwisho, na kampuni yetu ilikuwa inakodi karakana yake. Alinipigia simu.

"Nimepaka dawa diski, rimu, vipande vyote," alisema. "Sikuona ufa."

"Hata mdogo?"

"Hata wa unywele."

Nilikaa chini kwenye mawe ya jeti. "Basi nilikosea, mzee."

"Nani kasema umekosea?" Sauti ilikwaruza kama zamani. "Nimejua halina ufa baada ya kulifungua. Wewe ulikuwa hujalifungua. Gurudumu lililomwagiwa maji likiwa jekundu halirudi kwenye lami mpaka lifunguliwe, basi. Ungeliachia, ningekufukuza mimi. Sasa watakufukuza wao. Bora wao."

Hawakunifukuza, kwa kweli. Waliniita ofisini kwao Mombasa, wakaniambia kampuni imetukanwa sana mtandaoni, ndege ilikaa bure, na uchunguzi umeonyesha gurudumu zima. Wakataka nisimame mbele ya jamaa za abiria niombe radhi kwa kuchelewesha safari bila sababu. Nikisha kuomba radhi, nitaendelea na kazi. Niliwauliza kama Kapteni naye ataomba radhi kwa upepo aliouweka mgongoni. Wakasema hilo ni jambo jingine. Nikawaambia la kwangu pia ni jambo jingine. Nikarudisha kitambulisho na ovaroli, zana zikabaki kwangu maana nilizinunua mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Anayetaka kuliita jina jingine aliite, mimi nililala vizuri.

Kisha nikalipia upande wa pili. Mjini, Twalibu hakunisalimu tena. Kwenye harusi moja alisema kwa sauti, huku sinia la pilau liko katikati yetu: "Mpeni fundi nafasi, asije akasema mkeka nao una ufa." Watu wakacheka. Mwingine akamwongezea: "Huyo mwacheni, alimtoa mkwewe jicho kwa ajili ya mpira." Mwanaisha alinisihi niseme chochote, nijitetee. Sikusema. Nilianza kutembea. Nimekaa miezi Kipungani, nikitengeneza mashini za boti na kutazama kina mama wakisuka mikeka ya ukindu. Nimekaa Kililana, nikishughulika na breki za matrekta. Kila mahali nilipokuwa, ndege ikipita juu nilitazama kwanza matawi ya minazi yameinama upande gani, ndipo nikaitazama ndege. Sijutii. Nimeipitia siku ile kichwani mara nyingi kuliko nilivyozipitia harusi na maziko ya jamaa zangu, na kila mara naifikia saa ile bandani, kila mara nasema hapana.

Ninayoyaandika mwisho yalitokea kusi hii iliyopita. Mjukuu wa Bi Zena alikuwa anaolewa Nairobi, na Bi Zena hakukubali kusafiri kwa basi. Twalibu alimvusha mpaka Manda kama zamani. Mimi nilivuka kwa boti ya watu, nikasimama nje ya uzio, kwa sababu siku hizi pana uzio na mimi sina pasi. Ndege ilizunguka, ikaja kutoka upande wa pili, upepo usoni, ikagusa taratibu kama mtu anayeweka yai. Nilitabasamu peke yangu.

Abiria wakaitwa. Bi Zena hakuinuka juu ya mkoba wake.

Fundi wa sasa ni dada mmoja wa bara, mwepesi wa kucheka. Nilimsikia akisema, "Mama, twende basi, ndege inangoja."

"Na ingoje. Gurudumu halijaguswa."

"Nimeshaangalia, Mama. Iko sawa kabisa."

"Wewe sikujui. Yule pale kwenye waya namjua. Ni mkwe wangu. Yeye ndiye aguse."

"Lakini haruhusiwi kuingia, Mama. Hana pasi."

"Basi gusa wewe, yeye akikuona."

Rubani akachungulia dirishani. Abiria wakaanza kunung'unika, mmoja akauliza bibi huyu ana nini. Dada yule alinitazama kupitia waya, akaona sijacheka, naye akaacha kucheka. Alilizunguka gurudumu la kulia, akaliendea kwa mbele, akachutama, akageuza kiganja, akasogeza mgongo wa mkono kwenye diski bila kuigusa. Akautuliza hapo. Kisha akageukia uzio na kuinua kidole gumba. Nami nikainua changu.

Bi Zena akainuka. Twalibu alikuwa amesimama nyuma yake, ameshautwaa ule mkoba na kuutia bega moja, na mkono wa pili umeshika kopo la boti, alilokuja nalo bila kukumbuka kuliacha. Bi Zena aligeuza kichwa chote, kama anavyogeuza siku hizi, ili jicho la kulia limpate mwanawe.

"Nawe Twalibu, hilo kopo liweke tini," alisema, na banda zima likamsikia. "Siku ile jicho moja lalikuwa zima. Lalikuona ukimwaga mai."

Twalibu akanitazama mimi, kisha akaliweka chini.